Zamu Yetu ya Sauna

Mlangoni mwa jokofu kuna karatasi ya miraba.
Wino wa samawati ni tramu yangu,
wa kijani ni Jarkko, jikoni hospitalini, usiku,
mwekundu ni masomo ya watoto, na wekundu umezidi.
Mapumziko tumeyaandika kwa penseli.

Saa kumi na moja alfajiri Tampere ni giza totoro.
Jarkko anaingia ananukia supu ya wagonjwa,
anatundika koti lake, ninatungua langu.
Siku hizi ndoa yetu hukutana kwenye msumari wa makoti.
"Urho hajamaliza jedwali la saba," namwambia.
"Chumvi imekwisha," ananijibu.
Mapenzi hayo. Naondoka.

Mshika mawili, wanasema, moja humponyoka.
Mimi nimeshika manne, mikono ni ile ile miwili,
na kinachoponyoka ni glavu za Urho,
za kushoto tu, tatu tangu Novemba.

Mwisho wa reli nina dakika nne kabla ya kugeuza.
Simu inatetemeka: Vilja, miaka kumi na mitatu,
ana insha ya kesho, *Familia yangu na muda wa ziada*.
"Mama," ameandika, "sisi hupenda kufanya nini?"
Dakika ya kwanza naitafuna pamoja na mkate baridi.
Ya pili naangalia theluji ikijaza nyayo za abiria.
Ya tatu sina jibu.
Ya nne naandika: "Sauna. Jumamosi, saa moja hadi saa mbili."
Ndiyo zamu yetu kwenye orodha ya jengo,
nyumba ya kumi na sita, ghorofa ya chini, karibu na mapipa ya taka.

Basi Jumamosi tumekaa juu ya ubao, wanne, uchi wa kuzaliwa.
Simu hazivumilii mvuke, wala vitabu.
Namwaga maji juu ya mawe, yanafoka,
joto linatushika masikio,
na mdomo wangu, mdomo huu usiojua likizo, unasema:
"Urho, saba mara nane?"

Kimya. Hata mawe yananyamaza.
"Mama," anasema Vilja, "nimeshaikabidhi ile insha.
Niliandika kwamba humu hakuna anayeulizwa kitu."

Nimeaibika, na mahali penyewe sina hata mfuko wa kufichia mikono.
Jarkko angenitetea, lakini amelala akiwa ameketi,
kidevu kifuani, jasho likimdondoka puani.

Saa mbili kamili, mlango unagongwa.
Ni Pennanen wa ghorofa ya nne, taulo begani,
mjane, mtunza saa kuliko reli yenyewe.
Nafungua kidogo, naomba radhi, nyuma yangu Jarkko anakoroma.
Pennanen anasikiliza mkoromo ule kama mtu anayeukumbuka.
"Kaeni," anasema. "Mimi muda ninao. Ninao mwingi mno."
Anaketi kwenye benchi la nje, kando ya viatu vyetu.

Dakika hizo hazimo kwenye karatasi ya jokofu,
hazina wino. Hatukujua tuzifanyie nini.
Vilja aliniegemea, jambo ambalo haruhusu mtu kulitaja.
Urho akaanza kuhesabu matone ya pua ya baba yake,
kwa sauti ya chini, saba saba, kwa hiari yake:
saba, kumi na nne, ishirini na moja…
Alipofika hamsini na tano
sikumsahihisha.