O na A

Neno la kwanza kunigharimu lilikuwa na herufi tano.
"Legna," alisema Bwana Erminio, kidole kikielekea jiko,
nami, mgeni wa wiki moja kutoka Soroka,
nikasikia legno. Nikaingia karakana,
nikarudi na ubao wa mcheri.
Uliungua vizuri. Ulinukia.
Alikuwa ameuanika miaka kumi na mmoja.

Hakunifokea. Kufokewa kungekuwa nafuu.
Aliketi, akavua miwani, akasema polepole
kama anayempimia mtoto dawa:
legno ni mti unaosubiri kuwa kitu,
legna ni mti uliokwisha kukata tamaa.
Nikauliza, na ule, ulisubiri kuwa nini?
"Nilikuwa bado sijaamua."

Tangu siku ile nikaogopa irabu.
Huku Karnia theluji hukaa hadi Aprili,
na ndani hamna ila redio, mbwa,
na mtu anayesahihisha.
Nikisema ukuta, huuliza: upi?
Muro ni ule unaopigana na upepo huko nje;
parete ni ubavu wake wa ndani,
uliobeba picha ya marehemu Ines;
na mura, hizo ni za miji yenye maadui.
"Sisi hata maadui hatuna, wote wamehamia Udine."

Alipoanguka bafuni mwezi wa pili
nilimpigia daktari nikilia: ossi zake, ossi zake!
Naye palepale sakafuni, uso umekunjamana,
akainua kidole:
"Ossi ni za kuku. Za mtu ni ossa.
Mimi bado sijaliwa."

Lakini lililonitesa zaidi ni meza.
Kwetu masă ni moja, samani na mlo humo humo,
huwezi kuitaja tumbo lisisikie.
Yeye aliipitisha msumeno katikati.
Tavolo ni kitu; alikichonga mwenyewe kwa mwaloni,
hukaa juu yake bili za gesi, vidonge,
kalamu isiyoandika.
Tavola haina fundi.
Sufuria ya polenta ikitua, mtu akivuta kiti,
hapo ndipo o inapogeuka a.
Ines alipokuwepo ilikuwa tavola, alisema,
kisha akala kwa kusimama, kando ya sinki,
miaka minne.

Mwaka huu maneno yanamponyoka
kama misumari inavyolegea ubao ukikauka.
Kijiko anakiita kile. Mbwa anamwita kwa jina la kakaye.
Jana, mkono ukionyesha jiko:
"Legno, Viorica."
Nilisimama mlangoni na kikapu,
karakana kulia, lundo la kuni kushoto.
Zamu hii neno lake lilikuwa limenyooka kama rula
na maana yake imepinda.
Sikumsahihisha. Nikaenda kushoto.

Jioni akaita, kwa sauti ya mwenye nyumba,
"A tavola!"
na juu ya meza hapakuwa na chochote,
bili tu, na miwani yake iliyokunjwa.
Nikafagia makaratasi kwa kiwiko,
nikaweka mkate, upesi, hata kisu sikukumbuka,
nikavuta kiti changu kwa kishindo
neno lisije likawa uongo.