Nyambueni: Lima

Jumanne, kipindi cha kwanza baada ya uji,
naandika ubaoni neno moja: lima.
Chaki ni kipande, kucha yangu inakwaruza.
"Nyambueni. Kila neno na sentensi yake."

Kariobangi, darasa la mabati.
Hapa nje hakuna tuta hata moja,
ila yule jirani mwenye magunia saba ya sukuma
kwenye ngazi za ghorofa,
anayevuna kwa mkasi wa kushonea.

Kitabuni: lima, yaani chimbua ardhi ili upande.
Pembeni trekta jekundu, anga safi,
mwanamume anayetabasamu bila jasho.
Mtihani nao unataka hivyohivyo.

Limia.
Ong'ayo anasimama: "Mama huwalimia watu Kiambu.
Hulipwa viazi."

Limiana.
Kimya. Nawaeleza habari za kwetu Mwala,
mwethya, leo kwako kesho kwangu,
majembe ishirini yakishuka pamoja.
Wananitazama kama mtu anayewauzia kitu.

Limwa.
Mkono wa Nekesa unapanda, unashuka, unapanda.
"Baba amelimwa barua
na kiwanda cha rangi. Ijumaa."
Darasa linaangua kicheko, wakidhani amekosea.
Hajakosea. Maana hiyo imo kamusini,
nimeisoma mara nyingi,
ila sikuwahi kusikia jembe lake likigonga.
Naandika vema. Vema! Nashindwa kumtazama.

Limika.
Hapo nategemea kengele iniokoe,
lakini Kithinji, ambaye tangu Januari
hajajibu ila "niko" ya daftari la mahudhurio,
amekwisha simama.

"Nyanya analima ng'ambo ya mto,
chini ya nyaya za stima.
Askari wa kaunti wakamwuliza, hili shamba la nani?
Akawaambia, mimi sijasema shamba.
Nimesema nalima."

Wenzake wametulia.
Najikuta nimeshika kifutio, sijui cha kufuta.
"Vizuri. Na limika, Kithinji? Iko wapi?"

Anafikiri. Lori la taka linapita kuelekea Dandora,
mabati yanatetemeka, tunasubiri liishe.

"Pale hapalimiki, mwalimu.
Mawe, chupa, nailoni tupu.
Mahindi yamenifika hapa."

Na anaweka kiganja chini ya kidevu,
kimelala sawa,
kama anayepima maji.