Kazi ya Kumwaga

Maji yakimwagika hayazoleki,
nami nalipwa mshahara niyamwage.
Ukuta wa kinu pale Errekaundi, bonde la Wabaski,
mita tatu na robo,
zege alilolimimina babake Maddalen
mwaka wa njaa, kwa toroli moja.

Miezi minane tumepima: kina, kasi, sumu iliyolala topeni,
Eneko majini hadi kiunoni, akipiga chafya,
mimi ukingoni na daftari lililolowa.
Mkutanoni bibi aliuliza swali moja tu:
"Bata wangu mtawahamishia wapi?"
Jedwali langu halikuwa na safu ya bata.

Jumanne nyundo ya mashine ikagonga.
Bwawa likapungua kama mtu anayevua koti,
mkono mmoja kwanza.
Tukaona baiskeli, jiko, ngazi za mawe
ambazo hakuna aliyezikumbuka
ila yeye: "Hapo mama alifulia."
Akashuka na viatu vyake vya kanisani
hadi ngazi ya tatu, akaketi.
Kanuni za usalama zilitaka tumkataze.

Sasa ni usiku wa Machi, manyunyu.
Nahesabu wapitao kwa taa nyekundu.
Miaka kumi na tisa, juu ya kinu,
tuliandika: mikunga, sifuri.
Huyu hapa, mwembamba kama kamba ya kiatu,
anaparamia jiwe, anateleza, anaparamia.

Naandika: mmoja.
Nafuta, maana mkono umetetemeka,
naandika tena.

Bata wamehamia kwa jirani. Wamenenepa.