Kutwa Mara Tatu

Ijumaa ile, Al-Hail, baada ya sala,
sinia katikati, sote tumekunja miguu,
nikasema nchi tuliyoiacha haikuanguka siku moja.
Ami Muhanna akalamba kidole.
"Kwa ushahidi gani?"
Nikamwambia, "Inajulikana."
Akacheka mpaka kofia ikamshuka.
"Inajulikana! Debe tupu, mwanangu, haliachi kuvuma."
Kisha akazishusha zake, moja moja, kama avutaye tasbihi:
mwaka, bei, tani, meli, majina ya makarani.
Binamu zangu wakatikisa vichwa.
Mama akaniongezea achari
kama mtu ampaye mgonjwa pole.

Mimi mfamasia. Kazini, Ruwi, nina mashine ndogo
inayotema lebo: jina, kipimo, mara ngapi.
Usiku ule, wateja walipokwisha,
nikachapa takwimu.
Bajeti ya elimu, miaka kumi. Meza kwa sauti.
Mkataba wa bandari, kifungu cha sita. Kutwa mara tatu, baada ya chakula.
Tikisa kabla ya kutumia.
Nikazibandika mlangoni mwa friji, kwenye kioo cha kunawia,
moja juu ya usukani, niisome
foleni ya Al-Ghubra inapogoma na kiyoyozi kinakohoa,
nje digrii arobaini na sita. Hiyo nayo nikaihifadhi,
huwezi kujua.

Nikagundua namba iliyochongoka huaminiwa zaidi.
Sema "sabini," watu wataendelea kutafuna.
Sema "sabini na mbili nukta nne," tonge litasimama njiani.
Nikagundua, nimechelewa, kwamba nimeacha kusikiliza:
mama ananieleza kikohozi cha mwanawe,
nami moyoni kifungu cha sita, kifungu cha saba.
Mzee mmoja Mbulushi alirudi dirishani mara mbili
kuuliza dawa ya macho hutiwa kabla ya kulala au baada ya kuamka.
Mara mbili nilimjibu mwaka.

Ijumaa ya nne nikaingia nimesheheni.
Sikungoja hata halwa.
Nikampiga kwa bajeti, akayumba.
Nikampiga kwa kifungu cha sita, akaipapia kahawa, ikamuunguza.
Kisha nikatoa ile niliyoiwekea akiba,
niliyoiokota katika kijitabu cha karatasi za manjano,
Matrah, mtaa wa nyuma, hakina jina la mtunzi:
"Magunia elfu saba mia tatu na kumi na moja, Ami.
Ya karafuu. Yalioza ghalani mwaka mmoja."

Kimya.
Nikajiona nimeshinda, halafu nikamtazama usoni.
Hakuwa na sura ya aliyeshindwa.
Alikuwa kama mtu aliyepishana njiani na mtoto wa watu
mwenye pua yake.

"Hiyo," akasema, "ni yangu.
Niliitunga Ruwi, tulipokuwa wanane chumba kimoja.
Kulikuwa na kijana wa Kipemba, mbishi, hashikiki.
Nikachungulia dirishani, pameegeshwa lori.
Saba, tatu, moja, moja.
Alininyamazia mwezi mzima."

"Na nyingine? Za Ijumaa zote hizi?"
Akakata kipande cha halwa, akakigeuzageuza kwenye mwanga.
"Nyingine nilizisoma," akasema.
"Siku hizi sikumbuki zipi."

Nimebandua lebo. Gundi haitoki,
friji ina madoa ya mraba yanayonasa vumbi.
Nchi ile haikuanguka siku moja, nalisema bado,
nalisema polepole, na nikiulizwa ushahidi
naanza na shangazi yangu na cherehani yake,
na watu hutafuna, wengine huinuka kunawa.

Lakini usiku ule, narudi nyumbani,
lori la maji lilinipita karibu na mzunguko,
taa zangu zikaangaza kibao chake cha nyuma.
Nne, sifuri, tisa, sita.
Bado ninayo.