Zamu Yangu ya Kufua Kitani

Somoe aliteleza kwenye ngazi za soko,
akavunjika mkono wa kulia, ule wa kufulia.
Ndipo nikapewa beseni.

Mtaa mzima wa Mtanda unapita ukinitazama:
mzee mzima, msuli nimeufunga juu ya magoti,
na yeye kwenye kigoda, plasta kaipakata kama kichanga,
anaamuru.

"Si hayo ya moto! Kwani unasonga ugali?
Kitani kinataka maji ya uvuguvugu,
ya kumwogeshea mtoto wa siku tatu.
Na hiyo jiki irudishe kwa mwenye duka.
Jiki inakula uzi kutoka ndani:
leo utasifia weupe,
kesho kidole kinatokea upande wa pili."

Nasugua. "Usisugue, bonyeza."
Nakamua. "Unamnyonga nani?
Inyanyue na maji yake, yatashuka yenyewe."
Yakashuka, yakanilowesha hadi kiunoni.
Jirani yetu Asumini alicheka mpaka akashika ukuta.

Shuka hizi mbili ni ujira wake
wa kushona mapazia ya masista, Nyangao,
kabla hajanijua.
Sista Adelgunda, siku ya kurudi kwao, alimwambia:
fedha utazila, hizi zitakula miaka.
Zilikuja ngumu kama gunia la korosho.
Usiku wa kwanza nililalamika: umenilaza juu ya jamvi?
Akasema, ngoja.

Nimengoja miaka thelathini na mmoja.
Zile za mnadani, za maua mekundu,
zote zimeishia kupiga deki.
Hizi kila zikifuliwa zinalegea,
kama mtu mgumu aliyekubali kusamehe.

Na joto la Lindi mnalijua, lile la Februari,
godoro linakuhemea mgongoni,
unageuka na kugeuka kama muhogo juu ya makaa.
Kitani hakikugandi.
Kinakunywa jasho lako kimyakimya,
alfajiri kikavu, hakina harufu ya mtu.
Mwaka ule wa homa, siku tisa sikumjua hata mwanangu,
kitu cha kwanza kukijua
kilikuwa ubaridi wa pindo hili shavuni.

Kwenye pindo hilohilo, ncha ya pili, nikakuta doa.
La kahawia, umbo la figo.
Nikalikumbuka: msimu wa mabibo,
nimerudi usiku wa manane na chupa ya uraka kwapani
na uongo mrefu mdomoni.
Nikamwonyesha. "Hili halitoki?"
"Halitoki. Ndiyo maana hulala upande wa miguu yako."

Miaka yote hiyo nimelikanyaga usingizini,
nisijue nimewekewa.

Tukaanika kivulini, kati ya mpapai na ukuta,
maana jua la saa saba linaikausha kama dagaa.
Haijakauka sawasawa, akaniita:
"Sasa, ingali na unyevu, lete pasi."
Nikapepea mkaa, nikanyoosha,
nikakosea, nikaacha mkunjo mrefu katikati.
Akautazama. Nikasubiri.
"Uache. Kitani kisicho na mkunjo kimelaliwa na nani?"

Usiku umeme ukakatika,
feni ikazunguka mara tatu za kuaga.
Mkunjo wangu ulipita kati yetu kama mpaka wa mashamba,
ukanikwaruza kidogo, nikauheshimu.
Vidole vilikuwa bado vimenyauka kwa maji.
Nikaanza kuhesabu: kila Alhamisi,
mara miaka thelathini na mmoja,
toa siku za uzazi, toa misiba...
hapana, hata misibani alifua.
Hesabu ikanipotea kwenye mia saba na kitu.

"Umelala?"
"Bado."
"Alhamisi ijayo," nikasema, "na zile za baadaye,
hata mkono wako ukipona..."

Akanyamaza kitambo.
Nikasikia plasta ikigusa ubao wa kitanda.

"Utatia jiki," akasema.