Lita Moja

Lugalia, mpwa wangu, ufunguo huu hapa.
Ukiwasha, usikimbilie gia.
Iache ingurume kidogo, kama mtu anayekohoa
kabla hajasema jambo la maana.

Goti langu limekataa. Daktari wa Mbale amesema basi.
Lakini kabla hujaipeleka stejini Chavakali
kuna neno la mafuta.
Si ya tangi, hayo hata mtoto anayajua.
Nasema yale ya chini, yasiyoonekana,
yanayoingia gizani ya dhahabu, yakatoka meusi.

Njia yetu ina hali mbili za hewa kwa siku moja.
Ukishuka Majengo, Kiboswa, mpaka Kondele,
joto linakungoja kama mdai mlangoni.
Ukipanda Serem kwenda Kapsabet
ukungu unakulowesha nyusi, na vidole
vinasahau breki iko wapi.
Pikipiki ni ile ile. Lita ni ile ile moja.

Januari, vumbi likishafika kwenye meno,
tia mazito: ishirini dabliu hamsini.
Mepesi, kwenye jua la Kondele,
yanakuwa maji ya ugali yaliyokosa unga;
chuma kinasugua chuma, unasikia
tiki-tiki-tiki, unasingizia mnyororo.

Julai ni habari nyingine.
Nilikuwa mbishi. Nilibaki na yale mazito
kwa kuwa yalikuwa bei ya chini na kopo lake jekundu.
Kapsabet, saa kumi na moja alfajiri,
nina mwalimu Jerotich na katoni ya karatasi za mtihani.
Nikapiga kiki mara kumi na nne.
Mwalimu akashuka, akakaza shali, akasukuma
bila neno, viatu vyake vizuri kwenye tope.
Mteremkoni ikaamka.
Alilipa nusu ya nauli. Sikudai.

Jioni nikaenda kwa Muhonja, fundi wa pale makutano,
anayefunga leso juu ya ovaroli.
Akachovya kidole, akasugua kwa gumba.
“Hii ni asali,” akasema. “Nani hunywa asali baridi
alfajiri, kisha aambiwe akimbie?”
Akanionyesha kopo la kumi dabliu arobaini.
“Dabliu ni baridi ya watu wa theluji,
lakini hata Nandi wanaijua.
Namba ya kushoto ni asubuhi yako.
Ya kulia ni mchana wako.”
Miaka saba barabarani, sikuwahi kuambiwa.

Ya gari usiguse. Klachi yetu inaogelea humo humo;
itateleza mlima wa Serem, injini ipige kelele
na wewe umesimama, na abiria anacheka.

Na yule kijana wa chupa kando ya lami,
anayekuita “mkubwa” kabla hujasimama,
mpite.
Nilinunua kwake mara moja, wiki ya chama.
Kopo geni, mafuta mzee, yamechujwa kwa kitambaa.
Pistoni ikafa Kiboswa, moshi mweupe, watu wanatazama.
Miezi mitatu nilitembea kwa miguu,
mpaka mama yako akauza ndama
bila kuniambia, akaniletea pesa ndani ya kopo la chai.

Kwa hiyo hii si zawadi, Lugalia.
Nusu ya injini hiyo ilikuwa ndama.

Siku hizi mvua ya Machi inaweza kuja Mei.
Usiulize kalenda. Toka nje alfajiri,
vuta hewa, kisha uamue.
Pima ikiwa imesimama wima na imepumzika,
si ukiwa umeikalia huku unajibu simu.

Ukibadilisha, usimwage mtoni.
Yale meusi niletee nyumbani;
nguzo za boma zinaliwa na mchwa.
Nitayapaka mwenyewe, polepole, kwa brashi,
na kwa rangi yake nitajua
unavyoendesha.