Ukurasa wa Thelathini na Nane

Mbiu ilizaliwa Winnipeg, senti mbili,
mwaka ambao mto ulichelewa kuyeyuka.
Ilifanywa ndogo makusudi:
ufunguke ndani ya tramu
bila kumpiga jirani kiwiko,
ukunje, uutie ndani ya koti, kifuani,
Januari inapokata kama wembe.
Gazeti la wakubwa lilisema: Bunge Laahirishwa.
Mbiu ilisema: NANI ALILALA?

Bibi yangu Paraska hakujua Kiingereza.
Alilinunua kwa ajili ya jiko.
Msichana wa ukurasa wa tatu
alichomwa kwanza, kabla padri hajabisha hodi.
Kurasa za farasi alimwekea babu.
Zilizobaki zilifunga samaki wa chumvi,
nami nikajifunza kusoma kupitia mafuta.

Baba alipanga herufi.
Za risasi kwa habari, za mti kwa vishindo.
Za mti, kila moja urefu wa kiganja,
hazikutoka kabatini ila kwa vita, moto
na fainali ya hoki.
Usiku mmoja wa Novemba mhariri Abernethy
akaagiza zitoke kwa ajili ya mwokaji:
PANYA KATIKA MKATE WA DZIOBA.
Asubuhi ile baba alikuwa ameula mkate huo.
Akapanga. Mshahara ni mshahara.

Nakala elfu sitini ziliisha kabla ya saa tatu.
Kufika Krismasi, madirisha ya Dzioba yalipigiliwa mbao.

Panya hakuwapo. Alikuwapo mshindani wake,
na mwandishi mwenye kiu ya wiski.

Masahihisho yalitoka Februari:
mistari miwili, ukurasa wa thelathini na nane,
chini ya tangazo la mikanda ya ngiri,
herufi ndogo kama mbegu za haradali.
Hizo nazo alizipanga baba.
Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo.
Ikinong'ona, je?

Kisha rangi, kisha bahati nasibu,
kisha nakala zikayeyuka kama sabuni.
Mwaka juzi Mbiu ilijiaga yenyewe, kwa kelele.
Jengo sasa watu wananyanyulia vyuma.

Mnadani nilinunua droo ya zile herufi za mti,
dola arobaini. Nikazipanga sakafuni.
A zilikuwa nne. E, sita.
Z, ambayo huwa moja tu, haikuwamo.

Nikakumbuka meza yetu ya kulia,
mguu wake mfupi,
na kile kipande cheusi cha mti
ambacho baba hakuturuhusu kukigusa
hata siku za kufagia.